Mara ya Tatu

Ardis Kvamme alikuwa na moyo mbovu na adabu nyingi. Moyo ulimchosha, adabu ndiyo iliyomponza.

Mumewe, Orval, alikuwa akiishi kwenye nyumba ya wazee, na hakula ila kwa mkono wa mkewe. Wauguzi wakimletea kijiko, hufumba mdomo kama benki siku ya Jumapili. Basi kila adhuhuri Ardis alimpelekea supu. Lakini Februari hiyo theluji ilirundikwa hadi nusu ya maegesho, na karibu na mlango zikabaki nafasi za buluu tu, za walemavu. Yeye akawa anaacha gari kule mwisho, anajikokota juu ya barafu, akisimama mara nne kutafuta pumzi.

"Omba kibali cha nafasi ya buluu, wifi," alisema LaVonne, dada yake Orval. "Mimi nilipewa kwa ajili ya goti. Goti limepona zamani, kibali bado kizima!"

Ardis akaenda kwa daktari. Akasuka nywele, akapaka rangi ya mdomo, akavaa koti la kanisani. Mtu haendi kwa daktari kama gunia. Akabeba na keki ya ndimu.

Sasa, kwao Minnesota, ukipewa kitu unakataa mara moja, unakataa mara ya pili, ya tatu ndiyo unapokea. Anayepokea upesi ni mlafi. Hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Ila daktari alikuwa mgeni, ametoka Arizona juzi.

"Unaendeleaje, mama?"

"Si vibaya. Wapo walio hoi kuliko mimi."

Daktari akavuta fomu. "Nikujazie ya kibali?"

"Aa, usijisumbue."

"Una hakika?"

"Wapo wanaoihitaji zaidi."

Ardis akatabasamu, akaweka mikono mapajani, akangoja ya tatu. Daktari akafunika kalamu.

"Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa kama wewe!" akasema, akamega keki. Fomu ikarudi kwenye mtoto wa meza. Ardis akashukuru, akamwachia na sahani.

Kesho yake, katikati ya maegesho, pumzi zikamwisha. Akaegemea gari la watu, bakuli la supu kifuani. LaVonne akaingiza gari lake nafasi ya buluu, akaruka chini kama mbuzi.

"Wifi! Nikushike mkono?"

"Aa, usijisumbue."

"Kweli?"

"Kweli. Tangulia tu."

LaVonne amezaliwa hukohuko. Ya tatu anaijua vizuri. Lakini baridi ilikuwa inauma masikio. Akalichukua bakuli, akakimbilia mlangoni kabla ile ya tatu haijamtoka mdomoni.

Ardis akaketi juu ya theluji, kidogo tu, apumzike.

Ndani, Orval alifumba mdomo, macho mlangoni. LaVonne alimbembeleza kwa kijiko mara moja, akambembeleza mara ya pili. Kisha, supu isije ikapoa bure, akainywa yeye.