Wembe Juu, Tarumbeta Linaingia

Kama ulikuwa na haraka zako, hukwenda kunyolewa kwa Mzee Santuri. Ulikwenda kwa vijana wa ng'ambo ya barabara, wenye mashine za umeme na televisheni ukutani, ukatoka hapo umemaliza shughuli kabla hujakaa vizuri. Kwa Mzee Santuri ulinyolewa kwa wembe, povu la sabuni hadi masikioni, na juu yake ukapewa maoni. Tena maoni hayo uliyasikiliza yote, maana nani atabishana na mtu aliyemshikia wembe kooni?

Alikuwa nayo tele. Ngoma ya mashine, alisema, ni uongo kwa sababu haitoki jasho. Mwimbaji anayeanza kuimba kabla magitaa hayajamaliza kusalimia ni sawa na mgeni anayeingia bila hodi na kuvuta kiti mezani. Mpiga solo husifiwa bure. Anayeshikilia nyumba isianguke ni yule wa gitaa la rithimu, anayesimama nyuma na picha hapigwi. Nyimbo za siku hizi hakuzichukia, la hasha. Alizionea huruma tu.

Na duka lilikuwa na sheria moja: tarumbeta likiingia, wembe unatoka shavuni. Mzee Santuri alisimama mkono juu, macho kayafumba, mpaka tarumbeta limalize la kwake. Wateja wa siku nyingi walizoea. Walikaa na nusu ndevu wakasubiri, na wapo waliofumba macho pamoja naye.

Gramafoni ilikaa kwenye rafu juu ya kioo, mbali na mvuke wa maji ya moto. Zamani mkanda wake wa ndani ulikatika, akazunguka maduka yote asipate mwingine, akaamua kukata wake kutoka tyubu ya baiskeli. Mkanda ule aliutaja kwa kila mgeni, kifua mbele, utadhani kajenga daraja.

Adui yake mkubwa ilikuwa redio. Kila redio ilipopiga nyimbo za zamani, yeye alizisikia zinakimbia.

"Wanazikimbiza makusudi," alimwambia mkewe, "wapate nafasi ya matangazo yao ya sabuni."

Mkewe alikuwa muuguzi mstaafu, na redio ya jikoni ilikuwa yake. "Yaani mume wangu, nchi nzima imekosea, wewe peke yako ndiye uliyepatia?"

"Hivyo hivyo."

Wangeweza kutaniana hivyo mpaka kaburini, isipokuwa ulikuwepo wimbo mmoja usiokuwa wa utani. Ndio walioucheza siku ya kwanza, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, walipokuwa hawajuani hata kwa salamu. Mzee Santuri aliukumbuka ulikuwa wa polepole, tena mrefu. Alipata nafasi ya kumwogopa yule msichana, nafasi ya kuacha kumwogopa, na nafasi ya kumwuliza jina lake kabla wimbo haujaisha. Mkewe alikumbuka mengine, na kila mgeni alimsimulia.

"Nilikuwa nimeazima viatu vya dada yangu, vinanibana kweli kweli! Wimbo wenyewe ulikuwa wa haraka haraka kama wanavyoupiga redioni. Ukaisha, nikamshukuru Mungu."

Watu walicheka, na Mzee Santuri alicheka pamoja nao, lakini lilimuuma. Kama wimbo ulikuwa wa haraka, basi nafasi zile zote hazikuwepo, na jambo alilojivunia maisha yake yote alikuwa amelitunga mwenyewe. Ndiyo maana alipiga santuri ya wimbo ule kila asubuhi. Alikuwa akitafuta shahidi.

Shahidi akaja Alhamisi moja, kabeba gitaa. Mzee Santuri alimtambua kabla hajabisha hodi, ingawa nywele zilikuwa zimekwisha na mgongo umepinda. Alikuwa Vidole, aliyepiga gitaa la rithimu katika bendi yenyewe iliyorekodi wimbo ule.

"Shikamoo kaka," Mzee Santuri alisema.

"Marahaba. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye santuri yetu. Za kwangu ziliharibika na unyevu, zikajikunja zote. Tumebaki watatu, Jumapili mchana tunapiga pale ukumbi wa reli. Sasa wimbo ule vipande vingine vimetutoka. Redioni wanaupiga nusu, halafu mtangazaji anaongea juu yake."

"Redio usinitajie kabisa!"

Siku hiyo Mzee Santuri alivimba kichwa, na nani asingevimba? Mwenye wimbo kaja kuuomba wimbo wake kwake. Alifuta kiti kwa taulo safi, akaitoa santuri kwenye mfuko wake kwa vidole viwili, akaipuliza, akashusha sindano. Kwenye kiti cha kunyolea alikuwepo fundi wa friji, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu, na hakuna aliyemkumbuka tena.

Vidole alisikiliza kidogo, akaanza kupiga kwa kufuatisha. Kikatoka kitu kibaya. Sauti za gitaa na santuri zilikuwa zimekaa karibu karibu bila kukutana, mpaka meno yanasisimka.

"Santuri imeshuka," alisema Vidole.

"Gitaa lako ndilo limepanda."

Vidole akatoa mfukoni kichuma chake cha kupimia sauti, akakigonga gotini, akakiweka juu ya ubao wa gitaa. Gitaa halikuwa na kosa.

"Basi ni masikio, kaka. Uzee huo," alisema Mzee Santuri, na papo hapo akatamani asingesema.

"Samahani wazee," alidakia fundi wa friji, "hebu niiangalie hiyo mashine."

Alipanda juu ya kiti na povu lake shavuni, akaizima, akainua sinia la kuzungushia santuri, akauvuta ule mkanda wa tyubu kwa kidole kimoja. Ulining'inia kama soksi iliyochoka.

"Umelegea, mzee. Unateleza. Mashine inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, na sidhani kama imeanza leo."

Mlangoni alikuwa amesimama mke wa Mzee Santuri, kaleta chupa ya chai, na ilionekana wazi kwamba alikuwa hapo tangu mwanzo. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Sijasema kitu," alisema mkewe.

"Nakusikia vizuri sana usivyosema."

Uso ulikuwa umemshuka Mzee Santuri. Redio aliyoitukana miaka yote ilikuwa sawa, na hilo angelimeza kwa tabu, lakini angelimeza. Kilichomkata maini ni ukumbi. Alimwona yule msichana akizungushwa mbio mbio na kuondoka, na kijana aliyebaki pale katikati hakuwa amepata hata nafasi ya kufungua mdomo.

"Mbona mmezima?" aliuliza Vidole. "Rudisha. Na mkanda wako huo huo."

Fundi akarudisha. Safari hii Vidole hakupiga. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, na kabla tarumbeta halijaingia akainua kidole kimoja, kwa sababu kwa mwendo ule ilisikika pumzi ya mpiga tarumbeta akivuta hewa.

"Huyo ni yeye," alisema. "Mwenzetu alikuwa anavuta hewa kama anataka kupiga mbizi. Sijawahi kuisikia hiyo pumzi kwenye santuri."

Akajipangusa macho waziwazi, kisha akaeleza. Siku ya kurekodi, fundi mitambo aliwaambia wimbo ni mrefu, hautatosha upande mmoja wa santuri. Wakatize au wakimbize. Kukatiza walikataa.

"Tukakimbia kama watu walioona mvua. Mpiga tarumbeta hakuipenda santuri hii mpaka anaingia kaburini. Alisema tumewauzia watu wimbo wetu ukiwa unahema."

"Kwa hiyo ukumbini..." Mzee Santuri hakuthubutu kumaliza.

"Ukumbini njoo Jumapili," alisema Vidole. Akalegeza nyuzi zake moja moja mpaka zikashuka kwenye sauti ya mashine, wakaupiga wimbo pamoja, mtu na santuri, mpaka povu la fundi wa friji likakauka shavuni kama chokaa.

Fundi alijitolea kuleta mkanda mpya. Mzee Santuri alimshukuru sana na akamkataza asithubutu.

Jumapili alivaa suti yake ya kijivu. Hakula vizuri. Njia nzima yeye na mkewe hawakuitaja redio. Ukumbini rangi ilikuwa imebanduka na nusu ya viti havikuwa na migongo, lakini sakafu ya mbao ilikuwa ile ile. Jukwaani walipanda wazee watatu, na wa nne mwanamke wa makamo aliyeshika tarumbeta la marehemu baba yake.

Vidole akaanza, peke yake, rithimu tupu. Mzee Santuri alikuwa tayari na kiganja juu ya paja, akapiga mwendo anaoujua, ule wa duka, ule wa kila asubuhi.

Bendi ikabaki nyuma ya kiganja chake.

Akapunguza. Bado ilikuwa nyuma. Akapunguza tena, na ndipo walipokutana, taratibu, kama watu wasiokuwa na mahali pengine pa kwenda. Hata mashine yake mbovu ilikuwa na haraka! Moyo ulimjaa mpaka akashindwa kukaa. Alitaka kusimama juu ya kiti awaambie watu wote, na vijana wa ng'ambo ya barabara, na watangazaji wa redio mmoja mmoja. Badala yake aligeuka amtazame mkewe.

Mkewe alikuwa ameinama, anavua viatu.

"Ndio huu," alisema bila kuinua kichwa. "Nilikuwa nimesahau ulivyokuwa mrefu."

"Si ulisema ulikuwa wa haraka?"

"Niliusikia redioni miaka mingi mno, ule wa kweli ukanitoka. Viatu ndivyo nilivyovikumbuka." Aliviweka viatu chini ya kiti, kimoja kando ya kingine. "Vilinibana wimbo mzima. Dada yangu alikuwa ananionyesha kwa mkono nije nikae."

"Mbona hukukaa?"

"Nilitaka uniulize jina langu."

Mzee Santuri aliyaacha maoni yake kitini, akasimama. Akamshika mkono, wakaingia katikati ya sakafu, mkewe miguu mitupu. Walipata nafasi, nafasi tele. Jukwaani yule mwanamke akavuta hewa kama baba yake, na tarumbeta lilipoingia mkono wa kinyozi ukapanda juu wenyewe, kama dukani, nao ulikuwa umeushika mkono wa mkewe.