Msumari wa Tano

Kiatu cha kushoto cha binti kilikuwa kimeachama mbele kama kinapiga miayo. Mama yake, fundi wa nguo, alikuwa amekishona mara mbili kwa uzi wa nguo, kikafumuka mara mbili. Jumatatu mwalimu mkuu alimrudisha nyumbani: aje na viatu au asije kabisa. Basi binti akawa anashinda sokoni, pekupeku, akiokota pini chini ya cherehani ya mama yake.

Kwenye nguzo ya kibanda palikuwa na misumari mitano. Fundi aliipigilia mwenyewe siku mwalimu wa masomo yake ya jioni alipowafundisha kutambua pale biashara inapoacha kukula na kuanza kukulisha. Kila sketi ya shule ilipouzwa, binti alitundika kipande cha kitambaa chake kwenye msumari, na jioni akavitoa vyote. Baada ya kutoa gharama ya kitambaa na uzi, sketi nne za kwanza za kila siku zilikuwa za watu: pango, umeme, mkopo wa cherehani, ushuru wa soko. Ya tano ilikuwa yao.

"Wa tano ni viatu," binti alipenda kusema.

"Ukijaa kila siku wiki nzima, mwanangu. Usiniharakishe."

Alhamisi, jua likiwa bado kali, ya tano ikauzwa. Hawakuwahi kufika hapo mapema hivyo. Binti akapanda kwenye stuli, akatundika kipande, akapiga makofi.

"Kulikoni shangwe, bibi harusi?" Mtoza ushuru alikuwa amesimama mlangoni, kitabu cha risiti kwapani.

"Tumefika wa tano!"

Fundi akakohoa. Binti hakusikia. "Minne ni ya watu. Huu wetu!"

Yule bwana akahesabu misumari kwa ncha ya kalamu. "Kumbe. Na kila siku unanililia hali ngumu, dada."

"Maneno ya mtoto hayo, kaka."

"Mtoto wako mkweli kuliko wewe. Wenye faida wana daraja lao. Kuanzia kesho, ushuru mara mbili."

"Na siku nisipouza?"

"Daraja halikuulizi kama umeuza." Akainama, sauti ikalainika. "Au nikusahau. Kila siku unanipa ya sketi moja, nakusahau."

Fundi akaitazama ile misumari. Kwa njia yoyote, uliokwenda ni uleule wa tano.

"Niandikie risiti," akasema.

"Haya. Msomi."

Jioni aliazima nyundo kwa fundi viatu wa kibanda cha jirani, akapigilia msumari wa sita.

"Sasa wa tano wa nani?"

"Wa soko."

"Si tayari wana mmoja?"

Fundi akarudisha nyundo.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi. Sketi mbili tu zilitoka, tena kwa bei ya kutupa. Binti alipoona koti la mtoza ushuru likija kwenye matope, aliparamia stuli, akachomoa vipande vyote viwili, akavificha kwenye ngumi nyuma ya mgongo.

"Shikamoo. Leo hatujauza hata moja."

"Marahaba." Akamcheka. "Ahaa, mama ameshakufundisha."

Fundi hakuwa amemfundisha. Akafungua mtoto wa meza, akatoa yote ya sketi mbili, akaongezea nauli.

Mtoza ushuru akachana risiti, akaitundika kwenye msumari wa tano, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikakaa. Nyuma ya mgongo, ngumi ya binti ilikuwa bado imefumbwa.