Magari Kumi na Manne ya Mzee Mahamed

Gari la nne lilipokataa kuwaka, nilikuwa bado najidanganya kwamba la tano litawaka. Nilitoka kiti hiki nikaingia kile, funguo zikiniponyoka mkononi, milango nikiiacha wazi nyuma yangu. Kila nilipozungusha ufunguo, taa za dashibodi ziliwaka kwa uvivu, rangi ya chai iliyopoa, kisha kikasikika kisauti kikavu, tik, tik, tik, kama meno ya mtu anayetetemeka kwa baridi. Mengine hayakutoa hata hicho kisauti.

"Njura! Lolote!" Jawahir, binti ya mzee, alikuwa ameinama dirishani huko ghorofani, nusu ya mwili wake nje. "Leta lolote linalotembea!"

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, hapa Manyatta, kando ya barabara inayoteremka kwenda Embu. Yadi ilikuwa na magari kumi na manne, yameoshwa, yanang'aa, yamepangwa safu mbili pua zikitazama barabara. Juu yake, katika chumba chenye dirisha lile, mwenye magari alikuwa akishindwa kuvuta pumzi.

Mzee Mahamed alikuwa mtu wa Majengo, Meru. Aliendesha malori ya Moyale kwa miaka ishirini kabla ya kununua kiwanja chetu cha Manyatta, kwa sababu huku ardhi ilikuwa nafuu na watu wa majani chai walikuwa wameanza kununua magari. Aliponiajiri nilikuwa fundi wa umeme wa nyumba kutoka Kibugu, sijui lolote kuhusu gari ila kulipanda. Alinifundisha mwenyewe, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia yake ya kushona imesogea nyuma ya kichwa.

"Gari jipya machoni mwa mnunuzi ni rangi," aliniambia. "Kwetu sisi ni betri. Mtu akija na mke wake, akakaa, akazungusha ufunguo, likanyamaza, hata ukilitengeneza baada ya dakika tano limeshamtoka moyoni."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba gari lililosimama halipumziki. Saa yake inakula umeme, kengele ya wezi inakula, kile kikompyuta kisichoonekana kinakula, usiku na mchana, kidogo kidogo. Kila wiki nilipaswa kupima kila betri kwa mita. Iliyoshuka naiweka kwenye chaja. Yenye afya naitembeza nusu saa, hadi njia panda ya Kibugu na kurudi. Gari lililokaa muda mrefu bila mteja, nalifungulia waya wa hasi wa betri ili umeme usinyonywe. Na kitu kimoja alikichukia kuliko vyote: kuliwasha gari dakika mbili na kulizima.

"Kuwasha peke yake kunachukua umeme mwingi," alisema. "Usipoliacha lingurume lirudishiwe ulichochukua, umeliibia. Afadhali ungelala."

Kisha bei za magari zikapanda, wateja wakapotea, na mzee akaanza kuvimba miguu. Ulikuwa ugonjwa wa moyo. Mwaka mzima alikwenda hospitali na kurudi, hadi akawa hashuki tena ngazi. Mkewe, Mama Ebla, alikisogeza kitanda chake karibu na dirisha. Hakuweza kuinuka kutazama nje, lakini aliweza kusikia.

"Njura," aliniambia siku moja nilipopanda kumjulia hali, "kila asubuhi niwashie yote, moja baada ya jingine. Uyaache yangurume vizuri. Nikisikia kumi na manne, najua nyumba yangu iko sawa."

"Sawa, mzee."

Na kwa miezi kadhaa nilifanya hivyo, kwa moyo. Nilikuwa nikianza na yale ya nyuma, namaliza na lile pikapu jeupe karibu na lango. Wakati mwingine, kati ya gari na gari, nilimsikia akikohoa huko juu, nikasubiri amalize ndipo niwashe linalofuata, asilikose.

Mwezi wa saba ulileta ukungu na baridi yake. Chaja ikaungua. Nilisema nitaipeleka Embu kwa fundi, na nilimaanisha, lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimepata kibarua cha kutandaza nyaya katika jengo jipya mjini, kazi ya miezi miwili, na msimamizi alitaka watu wafike saa tatu. Chaja ikakaa chini ya meza. Kutembeza magari nikakuacha, nikisema nitafidia Jumamosi. Jumamosi zikapita.

Asubuhi moja magari matano hayakuwaka. Nilisimama katikati ya yadi nikisikiliza ukimya wa dirisha lile juu. Alikuwa ameshahesabu tisa. Najua alikuwa akingoja la kumi. Basi nikarudi kwenye lile dogo la kijivu, ambalo betri yake ilikuwa nzima, nikaliwasha mara tano, nikilizima katikati, ili zitimie kumi na nne.

Siku hiyo nilifanya kwa huruma, au ndivyo nilivyojiambia. Kwa nini nimpe mgonjwa habari mbaya? Lakini wiki iliyofuata nilichelewa kuamka, na nikagundua kwamba kuliwasha lile la kijivu mara kumi na nne kunachukua dakika kumi tu, na kuwasha kumi na manne kwa haki kunachukua saa mbili. Nikawa nafanya hivyo kila siku. Mlango, ufunguo, mlio, kimya. Mlio, kimya. Kisha napanda piki yangu kwenda Embu. Mama Ebla alikuwa akinipungia mkono kutoka dirishani.

Wiki tatu.

Jumatano ile nilikuwa nimeshavaa helmeti Jawahir alipopiga kelele. Gari la familia lilikuwa mjini Maua na kaka yake, Abdirahim, aliyekuwa ameenda kuleta mzigo tangu jana yake. Ambulansi waliyoipigia ilisema saa nzima na zaidi. Piki yangu haikufaa kwa mtu asiyeweza kukaa wima.

Nilikimbilia lile la kijivu kwanza, bila shaka. Nilikuwa nimeliwasha mara kumi na nne dakika chache kabla. Lilinguruma nusu, likakata. Nikajaribu tena, likatoa kile kisauti, na mara ya tatu hata taa hazikuwaka. Niliikamua betri ile mwenyewe, tone kwa tone, na sasa nilikuwa nikiiomba.

Nikaenda la pili, la tatu, la nne. Nilifungua boneti nikabadilisha betri ya gari moja na ya jingine, mikono ikiteleza, nikijua kabisa kwamba ninahamisha maiti kutoka chumba hiki kwenda kile. Majirani wawili walikuja kusaidia kusukuma. Niliwaambia haisaidii, magari haya ni ya gia za otomatiki, hayawaki kwa kusukumwa. Ni lile pikapu jeupe tu lililokuwa na gia za mkono. Tulilisukuma hadi mteremkoni, nikaachia klachi, likashtuka, likashtuka tena, likasimama. Betri yake ilikuwa imekufa kiasi kwamba haikuwa na umeme hata wa kuanzishia pampu ya mafuta.

Ndipo nikaona pikapu ya maziwa ikiteremka kutoka upande wa Kibugu. Nilikimbia katikati ya barabara nikasimama na mikono yangu yote miwili imetanda. Dereva wake, Elphas, shavu limejaa muguka, yale majani ya kutafuna, alikanyaga breki na kunitukana matusi ambayo nayakumbuka hadi leo. Kisha akaona uso wangu.

Tulimteremsha mzee kwa blanketi, mimi, Elphas na wale majirani wawili. Tulipita naye kati ya safu mbili za magari. Milango iko wazi, boneti ziko juu, betri zimelala chini kwenye kokoto. Macho yake yalikuwa wazi. Aliyatazama magari yake, safu ya kushoto, safu ya kulia, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na pumzi ya kusemea. Akawekwa kiti cha mbele, kichwa kifuani pa mkewe, na mimi na Jawahir tukapanda nyuma kati ya mitungi ya maziwa.

Alifariki saa saba mchana. Daktari alitueleza mambo mengi kwa upole. Kuna swali moja nilitaka kumwuliza, na nilisimama naye korido nikiwa nalo mdomoni, lakini akaitwa kwingine na nikashukuru kwamba ameitwa.

Walimzika siku hiyohiyo, Majengo, kabla ya jua kuzama. Nilisafiri nao hadi Meru. Kwa kuwa mimi si Mwislamu nilisimama nyuma, karibu na ukuta wa makaburi, kofia mkononi. Walipomaliza kuomba dua, Abdirahim alinitafuta kwa macho, akaja, akanishika mkono, akanivuta mbele ya wazee wa kwao.

"Huyu ni Njura," aliwaambia, sauti imekauka. "Baba alikuwa na magari kumi na manne na yote yakakataa. Huyu ndiye aliyesimama mbele ya gari barabarani, akakubali kugongwa, ili baba afike hospitali."

Wazee wakanipa mikono, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akaniombea watoto wema. Nami niliipokea mikono ile yote.

Siku nne sikula vizuri. Siku ya tano nilikwenda Manyatta. Mama Ebla alikuwa ndani, katika eda yake, hatoki wala haonani na wanaume wa nje. Jawahir aliniambia naweza kumsemesha kutoka chini, dirishani. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nilisimama kwenye kokoto mahali palepale, nikalisemea pazia.

Nilimwambia yote: chaja, kibarua cha Embu, lile gari la kijivu. Nilisema kwa sauti ya kawaida kwa sababu watu walikuwa wakipita barabarani, na ilinibidi kurudia sehemu nyingine alipokuwa hajasikia. Kurudia ndiko kulikokuwa kugumu.

"Njura," sauti ikatoka. "Mzee aliendesha malori miaka ishirini. Unadhani hakujua mlio wa gari moja na mlio wa jingine?"

Akaendelea kutoka nyuma ya pazia.

"Siku ya kwanza aliniambia, 'Amerudia lile dogo mara tano.' Akacheka kidogo. Siku ya pili akasema, 'Leo tena.' Halafu ikawa hilo peke yake, na akaacha kusema."

"Mama, mbona hakuniita?"

"Mimi nilitaka akuite. Nilimwambia, nikufokee mimi mwenyewe. Akakataa. Akasema, 'Mwache. Njura si mtu mbaya. Atapanda ngazi aniambie.'"

Upepo ulilisukuma pazia, likaingia ndani, likatulia.

"Alikuwa akikungoja kila asubuhi ukimaliza," alisema. "Akisikia piki yako inaondoka, anageuka upande wa ukuta."

Niliomba msamaha. Maneno yalikuwa mepesi mno, lakini sikuwa na mengine. Hakusema amenisamehe. Hakusema pia kwamba hajanisamehe. Alichosema ni kwamba Abdirahim hajui, na kwamba yeye hatamwambia.

"Huyo umwambie wewe."

Huu ni mwaka wa tatu tangu siku hizo. Magari yale yaliuzwa yote. Niliyashughulikia mimi hadi la mwisho lilipotoka langoni, na betri tisa kati ya zile kumi na nne hazikufaa tena, zikaenda kwa wanunuzi wa vyuma. Siku hizi ninafanya kazi katika yadi nyingine mjini Embu. Wenzangu wananicheka kwamba ninaogopa betri kuliko mwenye mali. Sijawahi kuwaeleza. Ninalolikumbuka zaidi si kaburi wala pikapu ya maziwa. Ni Jumanne ile, siku moja baada ya kuzungumza na pazia, nilipopanda gari kwenda Meru nikimtafuta Abdirahim.

Nilimkuta Majengo, nje ya msikiti, baada ya sala ya alasiri. Wachinjaji upande wa pili wa barabara walikuwa wakimwaga maji kwenye mabenchi yao. Aliponiona aliwaacha wenzake, akaja na mikono imefunguka.

"Ndugu yangu," alisema. "Umekuja."

Nilimwomba tusimame kando kidogo. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wake nilipoanza. Sijui ni wakati gani aliuondoa. Nilipofika kwenye habari za gari la kijivu niliona tu kwamba mkono wangu uko peke yake.

Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Tangu ulipoanza kujaribu hadi ile pikapu ikaja. Dakika ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Thelathini na tano," alirudia polepole, kama mtu anayepewa jina geni na hataki kulisahau. "Na baba alijua?"

"Alijua. Alikuwa akingoja nimwambie."

Kisha akageuka, akarudi msikitini, ingawa sala ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakitoka. Alivua viatu mlangoni bila kuinama, akavikanyaga kwa visigino, akaingia.

Sikujua kama niende au nibaki. Mtu mmoja alikuwa akitawadha bombani, na maji yalianza kutambaa kwenye saruji kuelekea pale viatu vilipokuwa. Nilikwenda nikaviokota, nikavipanga pakavu, karibu na ukuta. Kisha nikasimama kumngoja.