Kidole cha Gharibu

Kompyuta ya Gharibu ilikuwa na adabu kuliko mwenyewe. Kila umeme wa Kasulu ulipokatika ghafla na kurudi, ilileta skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ikaomba ruhusa ya kukagua diski yake kwanza. Ilihesabu kutoka kumi kushuka chini, na asiyetaka kusubiri alibonyeza kitufe chochote. Gharibu hakuwahi kuifikisha saba. Wateja wa picha za pasipoti wako mlangoni, nani ana saa nzima ya kuiachia mashine ijipekue? Kidole kilizoea, kikawa kinabonyeza hata kabla mwenyewe hajasoma. Miaka miwili hiyo.

Agosti 2014 diski ikachoka kuomba. Iligoma kufunguka, na ndani yake mlikuwa na harusi nzima ya binti mkubwa wa Mzee Hashimu, muuza vitambaa. Haikuwa imechomwa kwenye DVD hata moja, na kadi ya kamera Gharibu alishaisafisha ili akapige harusi nyingine Kabanga.

Mzee Hashimu alikuwa na binti wa pili, Mwamvua, na Gharibu alikuwa anajikusanya kupeleka posa. Nani angemwoza mtu aliyepoteza harusi ya dada mtu? Tena harusi ambayo mzee mwenyewe alihutubia dakika arobaini, na tangu siku hiyo akawa anawauliza watu kama waliisikia vizuri.

Alipokwenda kukiri, Mzee Hashimu hakugomba. Alivaa kofia, akafunga duka.

"Nasikia kuna fundi Kibondo," alisema. "Tunakwenda wote."

Fundi mwenyewe alikuwa dada mmoja aitwaye Odilia, aliyejifunza kazi kwenye ofisi za mashirika ya kambi za wakimbizi.

"Mwakeye, baba," alimwamkia Mzee Hashimu, kisha akamgeukia Gharibu. "Hii diski haikuwahi kuomba ikaguliwe?"

"Iliomba."

"Nawe?"

"Nilikuwa naruka."

"Mara ngapi?"

"Dada, kwani zinahesabika?"

Odilia aliguna. Aliichomeka diski kwenye mashine yake, akaanza kwa kuinakili yote. "Nikikosea, nikosee kwenye nakala," alisema. Kisha akauanzisha ule ukaguzi uliorukwa miaka miwili, akamwonyesha Gharibu stuli. "Kaa hapo. Na mikono yako uikalie."

Gharibu akaikalia kweli. Namba zilipanda kwa uvivu wa kukera, adhuhuri ikapita, na kidole kikamwasha muda wote.

Mafaili yakaanza kurudi, ila bila majina, namba tupu. Odilia akawa anayafungua moja moja. La kwanza, bibi harusi anashuka kwenye gari. Mzee Hashimu akashusha pumzi. La nne, sauti nzito ikajaa chumba kizima: "Wageni wangu waalikwa..." Gharibu alifurahi hadi machozi yakamlenga. Posa imepona!

"Bado yapo," alisema Odilia. "Haya yalifutwa kwa makusudi."

"Yaliyofutwa nayo yanarudi?" Gharibu aliuliza.

"Ukifuta, kompyuta inang'oa bango la mlangoni tu, kaka. Mpangaji yumo ndani mpaka aje mpangaji mwingine."

Akafungua. Sauti ilikuwa ileile ya Mzee Hashimu, sasa amefika kwenye subira katika ndoa. Lakini picha ilikuwa ya Mwamvua. Mwamvua anapakua pilau. Mwamvua anafuta jasho kwa pembe ya khanga. Mwamvua anamcheka mtoto aliyeomba nyama mara ya tatu. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tano, kamera haikupepesa.

Kidole kikachomoka chini ya paja, kikaruka kuelekea kibodi. Odilia akakipiga rula.

"Nilisema mikono uikalie!"

"Mwache, binti yangu," alisema Mzee Hashimu taratibu. "Iendelee."

Ikaendelea dakika kumi na mbili. Mwishoni Mwamvua aliinua uso, akaiona kamera. Hakujifunika wala hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo, akarudi kwenye sufuria yake.

Gharibu alitamani umeme ukatike. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, haukukatika.

"Uliniambia pale katikati ya hotuba yangu betri iliisha," alisema Mzee Hashimu.

"Ndiyo, Mzee."

"Haikuisha."

"Haikuisha, Mzee. Nisamehe."

Mzee Hashimu aliomba sehemu ya mwisho irudiwe. Akalitazama lile tabasamu, akavua kofia, akaikung'uta vumbi la njiani, akaivaa tena.

"Jumamosi ulete wazee wako nyumbani," alisema. "Na hicho kipande usikifute tena. Ndimo nilimozungumzia subira."