Harufu ya Mvinyo wa Miaka Tisa

Chumba chetu cha kuonjea mvinyo kina masharti utadhani chumba cha upasuaji. Hakuna manukato, hakuna sigara, na siku ya kuonja hakuna ruhusa ya kukata kitunguu jikoni, kwa sababu tumetenganishwa na jiko kwa ukuta mmoja tu. Sharti la mwisho halijaandikwa popote: mimi ndiye huanza kusema. Kwa miaka kumi na tisa nimeichagulia kampuni hii mvinyo kwa pua yangu, hadi wakaishia kuniita Pua, na jina hilo nalipenda kuliko nililopewa na wazazi.

Asubuhi ile pua yenyewe ilikuwa imekufa, wiki ya tano sasa. Mafua yalikuja, yakaondoka na harufu zote. Sabuni, kahawa, jasho la watu kwenye lifti, vyote hewa tupu. Sikumwambia mtu. Nikifunguka tu, kazi imekwenda, na mimi si mtu wa kukaa nyumbani kukunja nguo. Basi nikaishi kwa ujanja. Rangi ilinieleza umri wa mvinyo, ulimi ulinipa ukali na uchungu, na daftari langu la zamani lilinipa maneno. Nilidanganya vizuri, na kila siku niliogopa.

Mezani tulikuwa watatu: bosi, mtunza stoo na mimi. Jikoni alikuwepo wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye mimi mwenyewe nilimtafutia kazi ya kuosha glasi na kupika chai. Nilipopita nilimkuta ametoka jasho, anafunga mtungi mpya wa gesi.

"Wifi, huu mtungi mkaidi kama mdogo wako," akaniambia.

"Ukaidi wake ameuokota kwenye ndoa, usitusingizie ukoo," nikamjibu, nikaenda zangu.

Chupa ilikuwa ya mvinyo mweupe mkavu, usio na utamu hata kidogo, wenye miaka tisa, na bei yake hata mwalimu wa msingi angeimudu. Muuzaji alikuwa nazo kreti mia sita. Bosi alitaka kujua jambo moja: umekomaa, au umeharibika?

"Leo ukikosea, Pua, nakuhamishia stoo ukabebe kreti," alisema. Alicheka, ila macho yake hayakucheka.

Nikainua glasi dirishani. Rangi ya dhahabu, safi, bila ukungu. Nikanusa kwa madaha, nikifumba macho, na sikupata kitu. Ulimini ulikuja ukali wa ndimu, kisha uchungu mwembamba uliokaa kooni. Ningeapa kwamba ulikuwa mvinyo mzuri, lakini ulimi peke yake si shahidi.

Kabla sijafungua mdomo, mtunza stoo akavunja sharti. "Dada, samahani. Mimi nasikia kama mafuta hivi. Au ni gesi?" Akaitazama glasi, kisha akautazama mlango.

Bahati yangu, au tuseme balaa yangu, daftari lilikuwa na jibu. "Ndiyo mvinyo huo," nikasema. "Zabibu za aina hii zikikaa miaka chupani, mvinyo wake hutoa harufu ya mafuta ya taa. Hapo ndipo unapojua umekomaa."

Hilo ni kweli kabisa, na ndiyo maana waliniamini. Bosi akatumbukiza pua kwenye glasi, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. "Kweli bwana! Harufu imejaa chumba kizima."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Miaka kumi na tisa, sijaona glasi tatu za mvinyo zikijaza chumba kizima.

Wifi akachungulia mlangoni, kitambaa begani. "Samahani jamani. Wifi, hebu njoo jikoni unuse. Kuna kitu kinanuka kama vitunguu vilivyooza."

"Nilikukataza vitunguu siku za kuonja!"

"Sijakata hata kimoja, haki ya Mungu."

Wote wakanigeukia. Kwenda jikoni na kusimama pale kama gogo, mbele ya bosi, sikuweza. Nikavuta hewa kwa pua nikiwa nimekaa kitini, polepole, kama fundi. "Ni mvinyo tu," nikasema. "Hakuna kitu. Nenda kachemshe chai."

Akaondoka ameridhika. Bosi akafunga kalamu yake. "Tunachukua kreti zote mia sita. Pua, hujawahi kuniangusha."

Nikatabasamu. Tabasamu likiwa bado mdomoni, maneno ya wifi yakanirudia. Vitunguu vilivyooza. Mafuta ya taa ni harufu nyingine kabisa, na gesi ya jikoni hutiwa uvundo makusudi ili mtu akimbie. Nilijua. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, usiwashe, na neno hilo lingewaambia wote kwamba sina pua. Nikamsubiri bosi amalize kunisifu.

Nilisikia kiberiti.

Leo ni siku ya kumi na mbili hospitalini. Sisi watatu ukuta ulitukinga na moto. Wifi amefungwa bendeji mikono yote na nusu ya uso. Kila anayekuja kumpa pole humwambia kosa ni lake, huenda alifungua gesi akachelewa kuwasha kiberiti, kwa sababu ingekuwa mtungi unavuja tangu mapema wifi yake angesikia. Mimi hukaa pale pale, nikimsikiliza akinitetea kwamba pua ya wifi yake haikosei.

Leo mdogo wangu ameniita kando ya kitanda. "Dada, daktari anasema tuangalie kidonda kisioze. Kikianza kunuka tuwaite haraka. Mimi nimezoea harufu ya dawa, sitofautishi. Wewe ndiye mwenye pua. Hebu nusa."

Nikainama juu ya mkono wa wifi. Bendeji ilikuwa na doa la manjano. Nikavuta hewa, nikavuta tena. Hewa tupu.

"Mwite nesi," nikasema. "Mimi sisikii harufu yoyote. Ni wiki ya saba sasa, tangu yale mafua."

Mdogo wangu hakuelewa haraka. Wifi alielewa. Jicho lake moja lililobaki wazi likanigeukia.

"Hata siku ile?" akauliza.

"Hata siku ile."

Akauvuta mkono wake taratibu, akauficha chini ya shuka.