Mlio Chini ya Goti

Fundi wa miguu ya bandia alipomwona Mzee Mwendo mlangoni, macho yalimwendea kwenye mguu wa bandia wa mzee. Mguu ule aliutengeneza yeye, kwa tabaka za kitambaa cha nyuzi zilizoshikwa na gundi. Siku hiyo simu iliita, umbeya ukanoga, na aliporudi kazini gundi ilishaanza kuganda, hewa imenasa ndani. Ulipokauka aliugonga kwa sarafu, kama wafanyavyo mafundi wote. Kote ulilia ti, ti. Chini ya goti ukalia bu. Akajua pana uwazi, akapaka rangi. Mpumbavu mkubwa! Ukang'aa kama kioo.

"Mwanangu, nimekuja kushukuru tu," mzee alisema, amempakata mjukuu mchanga. "Kila asubuhi nashuka na huyu ngazi za ghorofa nne, na wala siyumbi. Hebu sikia!"

Akaugonga kwa pete yake huku akicheka. Bu, bu, bu. Sasa ulilia hivyo kutoka gotini mpaka karibu na kifundo.

Shukrani zile zilimchoma fundi kuliko matusi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini kilio hiki kingekuwa cha nani?

"Kaa, mzee wangu. Uvue."

Akaukata kwa msumeno mbele yake. Ndani, tabaka zilikuwa zimeachana kama kurasa za kitabu kilicholowa.

"Ndiyo umegundua leo?" mzee aliuliza.

"Hapana. Nilijua siku niliyokukabidhi."

Mzee alimhamishia mjukuu mkono wa pili, ule ulio mbali na fundi.