Aliyefungua Ukurasa Usiokuwepo

Ilikuwa siku ya tatu fundi wa tovuti anavutana na bosi wake juu ya sentensi moja. Duka lao la viatu la mtandaoni halikuwa na ukurasa wa kumpokea mteja aliyebofya kitu kisichokuwepo. Alikutana na weupe mtupu, basi.

"'Ukurasa haupatikani' ni kama kumfungia mtu mlango usoni," bosi alisema, kikombe cha chai mkononi. "Weka katuni ya kiatu kinachocheka."

"Mama, mtu kakosa alichokuja kutafuta, halafu tumcheke?"

"Haya, utajua mwenyewe. Ila leo iishe."

Mgongo ulimuuma fundi, macho yalimwasha. Ili apumzishe kichwa, alifungua orodha ya anwani za kurasa zilizogonga mwamba mwezi ule. Nyingi zilikuwa makosa ya kuandika tu. Moja ilijirudia karibu kila asubuhi: viatu vya soli nene, mguu wa kushoto.

Alimuuliza mfungaji mizigo, mkongwe wa duka.

"Hivyo tulivifuta mwaka juzi, dada. Ni vya wenye mguu mmoja mfupi. Mzee aliyevishona aliacha kazi."

Alirudi kitini, akaandika: "Ukurasa huu haupo tena. Ulikuwa unatafuta nini?" Chini yake akaweka kisanduku cha kujibu.

Bosi aliguna. "Na nani atawajibu hao?"

"Mimi," alisema, na papo hapo akajuta.

Asubuhi iliyofuata alikuta ujumbe wa mama mmoja: "Natafuta cha kushoto, namba thelathini na tisa, cha binti yangu. Alichonacho kimeisha, anachechemea mpaka kiuno kinauma. Naangalia kila siku kama vimerudi. Nilidhani simu yangu ndiyo mbovu."

Aliusoma mara mbili, kisha akaomba namba kwa mfungaji mizigo na kumpigia yule mzee aliyevishona.

"Shikamoo, baba." Akamweleza.

"Marahaba, mwanangu. Macho yameniishia, sindano siioni tena." "Ila kalibu zangu zote za kuumbia viatu ninazo. Nileteeni mtu anayejua kushona, nitakaa pembeni yake nimwelekeze."

Bosi alipoambiwa aliweka kikombe chini. "Yupo fundi anayetutengenezea viatu vya shule," alisema. "Nitamuuliza. Wewe usimwahidi huyo mama kitu."

Hakuahidi. Aliandika jibu, akalifuta, akaandika tena: simu yako ni nzima, sisi ndio tuliovifuta bila kusema, tunatafuta fundi, hatujui kama atapatikana.

Fundi wa kushona alipatikana baada ya wiki tano, mzee akakaa pembeni yake. Kiatu cha kwanza kilibana vidoleni kikarudishwa, cha pili kikakaa sawa. Mama yule aliandika maneno mawili tu: "Anatembea vizuri."

Fundi wa tovuti alitabasamu, akajinyoosha mgongo. Kwenye kisanduku kulikuwa na watu kumi na tisa wanaosubiri jibu. Wa kwanza alikuwa anatafuta kamba za viatu.